Kuchora nje kwa kutazama: mwongozo kamili kwa anayetaka kupaka rangi mandhari

Picha ya mandhari inapokataa, wengi hulaumu rangi. Kijani kimekuwa kikali, anga limekuwa zito, mlima unaonekana kama umebandikwa na gundi. Basi mtu hununua rangi nyingine au brashi nyingine, na picha inayofuata inakataa vilevile. Mimi nilizunguka humo kwa miaka kadhaa kabla ya kutambua kwamba kosa lilikuwa linafanyika brashi ikiwa bado kavu. Sikuwa nimelitazama lile bonde lililokuwa mbele yangu. Nilikuwa nachora bonde nililokuja nalo kichwani.

Tiba niliyoipata ni kutoka nje na penseli, kukaa mbele ya kitu chenyewe na kukichora kama kilivyo, mara nyingi, kabla ya kugusa rangi. Kazi yote hii ina kitendo kimoja: kulinganisha. Jicho halina rula. Haliwezi kukuambia mti ule una urefu gani au kivuli kile kina weusi kiasi gani, lakini ni hodari sana wa kuona kwamba huu ni mrefu kuliko ule, na hapa ni peusi kuliko pale. Kila hatua iliyo hapa chini ni namna nyingine ya kuliuliza jicho swali hilohilo.

Vifaa

Beba vichache. Daftari la kuchorea lenye jalada gumu, ukubwa wa A5 au A4, ili uweze kuliegemeza magotini. Penseli tatu: HB, 2B na 6B. (Herufi H ni ya penseli ngumu, B ni ya nyeusi na laini, namba ikipanda, sifa hiyo inazidi.) Zichonge kwa kisu upate ncha ndefu, kwa sababu ncha ndefu ikilazwa inapaka kivuli kipana, na ikisimamishwa inatoa mstari mwembamba. Raba laini inayokandika kama udongo ni bora kuliko ile ngumu, maana unaweza kuibonyeza tu juu ya penseli na ikanyanyua mwanga bila kuchubua karatasi. Ongeza klipu mbili za kuzuia upepo, kofia, na kiti kidogo cha kukunja. Mkaa wa kuchorea ni mzuri mno kwa giza kubwakubwa, lakini uache mpaka mkono wako uzoee, na ukiutumia unahitaji dawa ya kunyunyizia ili usifutike.

Jambo moja wengi hulipuuza: karatasi yako iwe kivulini. Ukichora huku jua linaipiga, kila weusi utakaoweka utaonekana mwepesi, utazidi kukandamiza, na ukifika ndani utakuta mchoro mzima umekuwa mzito. Geuza kiti, au tumia mwili wako kama mwavuli.

Hatua ya kwanza: kaa bila kuchora

Dakika kumi, na penseli iwe mfukoni. Jiulize ni nini kilichokusimamisha hapa, si pale ulipopita muda mfupi uliopita. Jibu liandike kwa sentensi moja juu ya ukurasa: "mwanga unaopenya kati ya miti miwili," au "njia nyeupe inayopotea kwenye giza." Sentensi hiyo ndiyo itakayokuamulia baadaye nini kibaki na nini kiachwe. Mandhari ina vitu maelfu, na vyote vinaomba kuchorwa. Usipokuwa na sababu, utavipa vyote haki sawa na picha itakosa mwenyewe.

Hatua ya pili: dirisha la kadibodi

Kata kadibodi yenye tundu la mstatili lenye uwiano uleule wa karatasi yako. Ukurasa wa sentimita 20 kwa 15 unataka tundu la 8 kwa 6. Funga jicho moja na utazame kupitia tundu hilo. Ukilisogeza karibu na uso unapata eneo pana. Ukilipeleka mbali unapata kipande kidogo. Weka alama ndogo katikati ya kila upande wa tundu, na katikati ya kila upande wa karatasi. Sasa unaweza kuona kwamba kilele cha mlima kiko kushoto kidogo ya alama ya katikati, na ukakiweka hapohapo kwenye karatasi.

Si chombo cha wanaoanza tu. Mchoraji Vincent van Gogh alipokuwa The Hague, Uholanzi, mwaka 1882 alijitengenezea fremu yenye nyuzi zilizopitishwa ndani yake, akamweleza mdogo wake Theo kwa barua jinsi anavyoisimamisha ufukweni na kuchungulia kama mtu aliye dirishani.

Hatua ya tatu: vijipicha

Chora vijipicha vitatu au vinne vya ukubwa wa kiberiti, kila kimoja kwa dakika mbili au tatu. Tumia viwango vitatu tu: karatasi tupu, kijivu, na nyeusi. Hakuna jani, hakuna dirisha la nyumba, ni mabaka tu. Katika kimoja inua mstari wa anga ili ardhi itawale. Katika kingine ushushe ili anga litawale. Ukiuweka katikati kabisa, mara nyingi picha inagawanyika vipande viwili vinavyogombana.

Kisha vitazame kwa umbali wa mkono. Kile kinachosomeka hata kikiwa kidogo hivyo ndicho kitakachosimama kikiwa kikubwa. Dakika kumi za hapa zimeniokolea siku nzima za kupaka rangi.

Hatua ya nne: upeo wa macho

Upeo wa macho ni usawa wa macho yako mwenyewe. Ukikaa unashuka nawe, ukisimama unapanda nawe. Ndiyo maana ukianza kuchora umekaa, umalize umekaa. Hata kama vilima vimeuficha, uweke kwa mstari mwepesi sana, kwa sababu kila kitu kinapimwa kwake. Kingo za paa na ukuta zilizo mlalo zikiwa juu ya macho yako, huonekana kuinama chini kadiri zinavyokwenda mbali. Zilizo chini ya macho yako, kama kingo za njia tambarare, huonekana kupanda. Na ukiwa umesimama kwenye uwanja tambarare, vichwa vya watu wa kimo chako, wa karibu na wa mbali, vyote vitagusa mstari huohuo mmoja. Kinachobadilika ni mahali miguu yao inapokanyaga. Ukilijua hilo, hutamchora tena mtu wa mbali anayeelea.

Hatua ya tano: kupima

Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, kwa sababu mkono ukijikunja hata kidogo kipimo kinabadilika. Funga jicho moja. Ncha ya penseli iweke kwenye kilele cha kitu, kidole gumba kishuke mpaka mguu wa kitu hicho. Hicho ndicho kipimo chako. Sasa kipeleke kwingine: upana wa mti ni mara ngapi ya urefu wake? Nyumba inaingia mara ngapi katika upana wa kilima?

Chukua mti mmoja uliosimama peke yake na uupime kweli. Watu wengi, wakichora bila kupima, huchora shina refu lenye kichaka kidogo juu, kwa sababu akilini mti ni "shina lenye majani." Penseli inapopita, unakuta mara nyingi majani yamechukua robo tatu ya urefu, shina linaloonekana ni robo tu, na upana wa majani umeuzidi urefu wote wa mti. Fanya hivyo kwa milima ya mbali pia. Tunaipenda, kwa hiyo tunaichora mirefu. Ukiipima unakuta ni ukanda mwembamba ambao kidole kilicholazwa kinaufunika. Ukanda huo mwembamba ndio unaoupa uwanda ukubwa wake. Ukiurefusha mlima, umeufupisha umbali.

Kwa vilivyosimama, tumia timazi: penseli iliyoning'inizwa kati ya vidole viwili, au uzi wenye jiwe dogo. Tazama ni kitu gani kiko chini kabisa ya ukingo wa paa, na shina limeinama kiasi gani. Kwa mielekeo mingine, fikiria mshale wa saa: mteremko ule unaelekea saa ngapi? Ulaze penseli juu yake hewani, kisha uishushe kwenye karatasi bila kuigeuza.

Hatua ya sita: maumbo makubwa

Kwa HB, na mkono mwepesi, weka maumbo matano au sita yanayobeba mandhari yote. Tumia mistari mifupi iliyonyooka hata pale unapoona mpindo. Mstari ulionyooka unakulazimisha kuamua wapi mwelekeo unabadilika. Umbo likikusumbua, acha kulitazama. Tazama nafasi tupu iliyo pembeni yake, kile kipande cha anga kati ya matawi mawili. Kipande hicho hakina jina, kwa hiyo akili haina cha kukidanganyia, na jicho linakiona kama kilivyo.

Hatua ya saba: mwanga na giza

Hapa ndipo penye moyo wa kazi. Mchoro wenye mistari mizuri usio na mpangilio wa mwanga na giza hauwezi kuzaa picha ya rangi, ila mchoro wenye mistari ya kubahatisha lakini mabaka yake ya giza yamekaa mahali pake unaweza.

Finya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Vitu vidogo vinayeyuka na mabaka yanabaki. Tafuta kwanza kilicho cheusi kuliko vyote na kilicho cheupe kuliko vyote, uviweke kwenye karatasi. Vilivyobaki vyote vitakaa kati yake. Kwa kila baka jiulize tu: ni jeusi kuliko jirani yake, au ni jepesi?

Kuna mpangilio utakaokusaidia siku nyingi. Mwanga unatoka juu, kwa hiyo anga ndilo jepesi kuliko vyote. Ardhi tambarare inalitazama anga uso kwa uso, inafuata. Miteremko inalitazama kwa upande, inazidi kuwa na giza. Vilivyosimama wima, kama miti na kuta za mawe, hupokea mwanga mchache kutoka juu, navyo ndivyo vyeusi zaidi. Theluji, mchanga mweupe, ukuta uliopakwa chokaa ukipigwa na jua, na anga la dhoruba huvunja mpangilio huo, na mara nyingi ndivyo vinavyotusimamisha njiani. Ujue mpangilio ili uone unapovunjika.

Kisha kuna jua, ambalo halikungoji. Husafiri nyuzi 15 za mzunguko wake kila saa. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, kivuli cha mti kwenye ardhi tambarare kina urefu sawa na mti wenyewe. Likishuka mpaka nyuzi 27 hivi, kivuli kimeshakuwa mara mbili. Kwa hiyo chora mipaka ya vivuli vyote ndani ya robo saa ya kwanza, na baada ya hapo usivifuate tena hata vikihama mbele ya macho yako. Anayevifuata hupata picha yenye majua mawili. Pierre-Henri de Valenciennes, mchoraji wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1819, alishauri kwamba zoezi lolote la nje lisizidi saa mbili, na la jua linalochomoza au kuzama lisizidi nusu saa. Mimi naona kwa anayeanza hata saa mbili ni nyingi. Dakika arobaini zinatosha, halafu geuza ukurasa.

Hatua ya nane: umbali

Hewa ina pazia lake. Hutawanya mwanga, hasa wa buluu, kwa hiyo kadiri kitu kinavyokwenda mbali giza lake linapauka na kuelekea buluu. Giza ndilo linalobadilika haraka zaidi: kivuli chini ya mti wa karibu ni cheusi tii, kivuli cha aina hiyohiyo kwenye kilima cha mbali ni kijivu tu. Kwa penseli, sheria yangu ni rahisi: ya mbali kwa HB, ya kati kwa 2B, na 6B isivuke sehemu ya mbele. Kingo za mbali zilainishe. Zilizo karibu ziachie makali machache, hasa pale ile sentensi yako ya mwanzo inapoelekeza.

Mti, maji, mawingu

Mti unastahili kurasa nyingi peke yake. Anzia pale shina linapokutana na ardhi, kwa sababu hapo ndipo miti mingi ya kwenye picha huonekana kama imechomekwa. Shina hutanuka linapokaribia udongo, mizizi huigawa ardhi kama vidole vilivyoshika kitambaa, na kuna kamstari ka giza upande ulio kinyume na jua. Tawi halichongoki polepole kama karoti. Hubaki na unene wake kwa urefu fulani, kisha hupungua linapogawanyika. Leonardo da Vinci aliandika kwamba unene wa matawi yote katika kimo fulani, ukijumlishwa, unalingana na unene wa shina, na ukilitazama tawi kwa kanuni hiyo mkono wako unaacha kubuni. Usisahau matawi yanayokuja upande wako. Hayo huonekana mafupi na manene, na ndiyo yanayoupa mti tumbo.

Majani yachukulie kama mafungu, kila fungu na juu yake palipoangazwa na chini yake penye giza. Chora majani yenyewe kwenye kingo chache tu. Na vile vitundu vya anga vinavyoonekana kati ya majani vifanye vyenye giza kidogo kuliko anga la wazi, maana mwanga wake hupunguzwa na vitawi vinavyovizunguka. Ukiviacha vyeupe kama karatasi vitaruka mbele kama taa.

Maji yaliyotulia: taswira ya kitu hushuka wima chini yake, upande wa kivuli usikuchanganye. Kilicho cheusi huonekana chepesi kidogo majini, na kilicho cheupe huonekana cheusi kidogo. Nayo mawingu yana umbali wake kama ardhi; yaliyo juu ya kichwa ni makubwa, yanayokaribia upeo huwa membamba na kulaliana. John Constable, mchoraji wa Uingereza, huko Hampstead karibu na London, alifanya mazoezi ya mawingu mwaka 1821 na 1822 kwa rangi ya mafuta, na nyuma ya mengi akaandika tarehe, saa na upepo.

Hatua ya tisa: andika juu ya mchoro

Siku moja nilikaa ukingoni mwa mto kwa zaidi ya saa mbili nikichora gamba la mti mmoja, kila ufa wake. Nilifurahi sana. Jioni nilisimamisha turubai, kile kitambaa kilichowambwa cha kupakia rangi, nikachanganya rangi, na nikakwama hapohapo: maji yalikuwa mepesi kuliko ukingo, au meusi kuliko? Sikujua. Ule mchoro wote wa gamba haukuwa na jibu la swali hilo moja, na bila jibu hilo hapakuwa na picha. Tangu siku hiyo siondoki mahali kabla ya kuandika.

Andika tarehe, saa, na chora mshale wa upande jua linakotoka. Toa namba kwa viwango, 1 kwa jepesi kabisa mpaka 5 kwa jeusi kabisa, uziweke ndani ya mabaka. Rangi iandike kwa kulinganisha, kwa sababu neno "kijani" halitakusaidia ndani: "kijani cha nyuma kina kijivu kuliko cha mbele, njano iko tu pale jua linapopenya jani, kivuli cha njia kina zambarau kuliko kivuli cha nyasi." Kisha funga daftari, simama, ulifungue tena na ujiulize kama ungeweza kupaka rangi kutokana na ukurasa huu peke yake. Palipo na shaka, kaa tena dakika tano.

Picha ya simu ipige mwisho, kama unaihitaji. Kamera mara nyingi huzamisha vivuli au huchoma anga, wakati jicho lako limeona vyote viwili.

Hatua ya kumi: kutoka daftari mpaka turubai

Turubai liwe na uwiano uleule wa mchoro, la sivyo kila kipimo ulichokihangaikia kitanyumbuka. Gawa mchoro kwa mistari miwili ya pembe kwa pembe, ongeza mstari wa wima na wa mlalo pale inapokutana, na fanya vivyo hivyo kwenye turubai. Kwa kazi kubwa gawa miraba zaidi. Hamisha maumbo makubwa tu. Kisha paka mabaka yote kwa rangi moja iliyopunguzwa, ukifuata namba zako, kabla ya kuleta rangi nyingine.

Unaruhusiwa kubadilisha. Camille Corot, mchoraji wa Ufaransa, alilichora daraja lililobomoka la Narni, Italia, mahali penyewe mwaka 1826 katika zoezi dogo la rangi ya mafuta, kisha akatengeneza picha kubwa ndani kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1827, akiongeza miti mirefu na njia iliyopangwa vizuri upande wa kushoto. Zitafute mbili hizo uziweke pamoja. Mimi hurudi kwenye lile zoezi dogo, pale mwanga unapogonga nguzo ya daraja na ardhi ya mbele ikabaki tifutifu, isiyosawazishwa.

Kwa mwezi wa kwanza chagua mahali pamoja unapoweza kufika bila taabu, ukachore mara nne katika saa tofauti, dakika ishirini kila mara, kisha chagua saa moja kati ya hizo kwa picha ya rangi. Picha ikikauka, irudishe palepale, saa ileile. Iegemeze chini mbele yako, finya macho, utazame bonde, utazame turubai, na kila unapoona tofauti iandike kwenye daftari ukurasa unaofuata ule mchoro.